Baada ya Kodi Nne: Mjadala wa Gitaa Kavu Machakos

Pita Machakos mjini Jumamosi alasiri, saa ambazo vikundi vya sifa vinajiandaa kwa ibada ya kesho, usikilize magitaa. Karibu kila kanisa lina moja, na karibu kila moja limeshikwa na kijana anayejua kodi nne: G, D, Em na C. Mkono wa kulia unapanda na kushuka, wimbo unaenda, watu wanaimba. Kijana huyo alifika hapo kwa miezi michache tu ya kujifunza, na tangu hapo hajasogea. Anahamisha kapo, kile kibanio cha shingoni, anabadilisha nyimbo, anaongeza kodi moja ya kulaza kidole inayomtesa kiganja, lakini mkono wa kulia ni ule ule wa mwanzo.

Afanye nini ili asogee? Swali hilo nimewapa wasemaji wanne, na hoja zao ni zile zinazosikika popote wapiga gitaa wanapokutana. Mzee alipiga solo katika bendi za benga ya Kikamba, enzi za santuri. Mwalimu anafundisha muziki na amepitia noti na mitihani yake. Binti anapiga gitaa katika kikundi cha sifa. Fundi ana studio ndogo mjini. Mimi nitaingilia kati mara kwa mara, maana nina upande wangu na sioni sababu ya kuuficha.

BINTI: Mzee, Mwalimu, mniwie radhi nianze mimi, kwa kuwa shida ni yangu. Kodi ninazo za kutosha. Nitajie wimbo wowote wa tenzi na ufunguo wake, nitaupiga. Lakini nikikaa nyumbani peke yangu na gitaa, bila mwimbaji, sina cha kupiga. Nakung'uta G, nakung'uta C, halafu nasimama. Gitaa langu halisemi kitu mpaka mtu aimbe. Nikitafuta msaada kwenye simu naambiwa nijifunze kodi mpya, na nikishazijua naambiwa kuna nyingine. Nimechoka kukusanya kodi.

MWALIMU: Umeligusa lenyewe. Wewe unajua maumbo ya vidole, hujui sauti zilizomo ndani yake. Ukishika C, umeshika sauti zipi?

BINTI: C yenyewe... na G?

MWALIMU: C, E na G. Sauti hizo tatu zimetapakaa shingo nzima ya gitaa, kuanzia juu mpaka karibu na tundu, na wewe umezifahamu mahali pamoja tu. Ndiyo maana unakwama. Nairobi iko umbali wa kama kilomita 60 kutoka hapa, na huko kuna Kenya Conservatoire of Music iliyoanzishwa mwaka 1944. Kuna gredi nane za mtihani wa gitaa, kila moja na vipande vyake, skeli zake na zoezi la kusoma noti papo hapo. Mtu akipanda ngazi hizo hata tatu tu, hawezi kukaa na gitaa akakosa cha kupiga.

MZEE: Mwalimu, elimu yako naiheshimu. Lakini nikuulize, George Mukabi alifanya gredi ngapi?

Niwafahamishe wasomaji wadogo. George Mukabi alitoka Kisa, magharibi mwa Kenya, na alifariki mwaka 1963 akiwa bado kijana. Gitaa alilopiga lilikuwa kavu, halina umeme wala amplifaya. Mtindo wake unaitwa omutibo, na mapigo yake yanafuata ngoma ya isukuti ya Waluhya: kidole gumba kinashika besi bila kukoma, kidole cha shahada kinapiga wimbo juu yake, na pembeni kuna mtu anayeparaza chupa ya Fanta yenye mistari kwa kipande cha chuma. Basi, hiyo ndiyo bendi nzima. Ukisikiliza rekodi zake leo, zilizotolewa upya mwaka 2017 katika mkusanyiko unaoitwa Furaha Wenye Gita, utadhani magitaa ni mawili. Ni moja. Na kodi zake kwa sehemu kubwa ni tatu tu, ambazo Binti anazijua. Mimi kwangu jambo hilo linamaliza nusu ya mjadala: uhaba wa kodi haujawahi kuwa ndio unaomkwamisha mtu.

MZEE: Kabla yake, au tuseme wakati mmoja naye, alikuwepo Mwenda Jean Bosco kule Katanga. Sisi tulimsikia redioni na kwenye sahani za santuri, halafu mwishoni mwa miaka ya hamsini akaja Nairobi mwenyewe. Vijana walimwangalia mkono tu. Vidole viwili, gumba na shahada! Kila mtu akarudi nyumbani kwenda kujitesa.

MWALIMU: Naam, na wangapi kati ya waliojitesa walifika popote? Tunawakumbuka waliofaulu. Walioachia njiani kwa kukosa mtu wa kuwaelekeza hakuna sahani yao.

Hoja hiyo ya Mwalimu ni nzito kuliko inavyoonekana, na watetezi wa kujifunza kwa sikio hupenda kuiruka. Hugh Tracey, mrekodi wa muziki wa Afrika, alimrekodi Mwenda mjini Jadotville, siku hizi Likasi, mwaka 1952. Kipande chake cha Masanga kikazunguka dunia, na mwaka 1969 Mwenda mwenyewe alipanda jukwaa la tamasha la Newport huko Marekani. Lakini mpiga gitaa Mwingereza John Low alipotaka kujua hasa vidole vile vinafanya nini, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kumtafuta mwenyewe, akakaa naye, akayaandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka mwaka 1982. Sikio lake, zuri kama lilivyokuwa, lilihitaji mwalimu wa kuketi naye. Yeye alisafiri mbali kiasi hicho. Sisi wa Machakos tuna wazee wanaoishi umbali wa nauli ya matatu, na hatuendi.

BINTI: Basi Mzee, mimi nimekuja. Nionyeshe.

MZEE: Haya. Shika C. Vizuri. Sasa huo mkung'uto weka kando kabisa. Gumba likae kwenye nyuzi nene, shahada ikae kwenye nyembamba. Vidole vingine vya mkono wa kulia viegemee ubaoni, havina kazi leo. Gumba lipige uzi wa tano, halafu wa nne, tena wa tano, tena wa nne. Tembea hivyo. Shahada usiilete mpaka gumba litembee lenyewe.

BINTI: Hii mbona rahisi.

MZEE: Asubuhi ulikula nini?

BINTI: Nilikula... Ah! Limesimama.

MZEE: Umeona? Gumba bado linangoja amri ya kichwa. Siku utakayoweza kunisimulia ulivyokula, ulivyopanda matatu na ulivyogombana na kondakta, na gumba halijakatika, siku hiyo ndiyo tutaita shahada. Kwa sasa endelea na C. Ukichoka na C nenda F, gumba litoke uzi wa nne kwenda wa tatu. Ukienda G, ni uzi wa sita na wa nne.

MWALIMU: Na mwendo uwe wa polepole. Weka metronomu ya simu kwenye 60, gumba lipige kila mlio. Likikaa sawa ongeza hadi 64, halafu 68. Wanafunzi wangu wanaoanza na 100 kwa sababu ndivyo wimbo ulivyo kwenye rekodi, ndio wale wale wanaorudi mwezi ujao na kosa lile lile, ila sasa wanalikosea kwa kasi.

MZEE: Hapo tuko pamoja. Ila mimi sina metronomu, nina mguu.

Hapa wapigaji wengi wanakata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtu aliyezoea kukung'uta amefundisha mkono wake mzima kuwa kiungo kimoja: kiwiko kinaamua, nyuzi sita zinaitika kwa pamoja, na mapigo ni yale yale juu na chini. Kuutenga mkono huo vipande viwili, kimoja kikae kwenye mwendo na kingine kiwe huru kuingia kabla au baada, ni kazi ya mishipa na si ya akili. Unaweza kuielewa kwa dakika moja na bado ukahitaji wiki kadhaa kuifanya. Katika wiki hizo unapiga vibaya kuliko ulivyokuwa ukipiga. Rafiki aliyezoea kukusikia ukikung'uta vizuri atakuuliza kulikoni. Mkono wa zamani unakuita urudi, kwa sababu kule unajiweza. Wanaorudi ni wengi, na ndio unaowasikia Jumamosi alasiri.

Binti akaendelea na gumba lake, Mzee akimchokoza kwa maswali, mpaka likatulia kiasi.

MZEE: Sasa shahada. Gumba likipiga, yenyewe inyamaze. Gumba likiwa hewani, iguse uzi wa pili. Inaingia katikati ya nyayo za gumba, haizikanyagi. Hivyo, hivyo. Sasa mkono wa kushoto usiachie C, tumia tu kidole cha mwisho: kiweke uzi wa pili freti ya tatu, hiyo ni D. Kiondoe, kuna C ya kidole cha kwanza. Uzi wa kwanza ukiwa mtupu ni E, na freti yake ya tatu ni G. Ukishuka uzi wa tatu freti ya pili, una A. Imba polepole wimbo wowote uliofundishwa ukiwa mdogo, halafu uutafute hapo hapo. Gumba lisikome.

MWALIMU: Mzee, sasa hivi umemfundisha skeli ya sauti tano, tena kwa majina ya noti.

MZEE: Nimemfundisha mahali wimbo unapokaa.

MWALIMU: Sawa. Na siku mwimbaji wake akisema sauti iko chini mno, wapige katika E au A?

MZEE: Kapo! Zamani hata hiyo hatukuwa nayo, tulifunga penseli kwa mpira.

MWALIMU: Kapo inasogeza shimo lile lile mbele kidogo. Shingo iliyobaki ni giza. Mzee, Fundi Konde wa Pwani alikuwa mtu wa hapa hapa Kenya, aliyepiga katika kikosi cha burudani cha askari wa King's African Rifles (KAR) wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Msikilize. Kodi zake zina rangi, zinapita mahali ambapo C, F na G hazifiki. Anayeishi kwenye freti tatu za kwanza hawezi kufika kwa Fundi Konde hata gumba lake likitembea mpaka Mombasa.

MZEE: Hilo nalikubali. Lakini aanze na gumba.

MWALIMU: Na mimi nasema anaweza kuanza na lingine dogo zaidi, leo hii, bila kuacha kukung'uta. Binti, unapotoka G kwenda C unafanya nini?

BINTI: Naachia G, nashika C.

MWALIMU: Katikati kuna njia, na wewe unairuka. Uzi wa sita freti ya tatu ni G. Uzi wa tano ukiwa mtupu ni A, freti yake ya pili ni B, ya tatu ni C. Zipige moja moja kabla ya kutua: G, A, B, C. Kutoka C kwenda F, panda C, D, E, F. Kutoka G kwenda Em, shuka uzi wa sita: freti ya tatu, ya pili, mtupu. Kodi zako ni zile zile nne, lakini sasa zinaongea.

BINTI: (Anajaribu mara mbili.) Hii naweza kuitumia kesho kanisani!

Katika yote aliyoyasema Mwalimu, hili la njia za besi ndilo ninalolipa uzito wa kwanza. Halidai kodi mpya, halidai mtihani, na linazoeza sikio kusikia besi peke yake ndani ya kelele za nyuzi sita. Mtu aliyekwama akinipa wiki moja tu ya muda wake, nitampa hizo njia tatu. Akinipa miezi, nitampa gumba.

BINTI: Lakini mimi bado nina swali, na naona mnalizunguka. Kanisani kwetu watu wakiimba wanaimba kweli. Nikianza kudonoa nyuzi kwa vidole viwili, nani atanisikia? Mkung'uto ndio unaoshika watu pamoja. Mchungaji hataki gitaa lijionyeshe, anataka watu waimbe.

MZEE: Kanisani kung'uta. Nani amekukataza?

MWALIMU: Ila kung'uta kwenyewe kuna ngazi zake. Piga uzi wa besi peke yake kwenye pigo la kwanza na la tatu, nyuzi nyembamba kwenye la pili na la nne. Ubeti wa kwanza laza ubavu wa kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja, sauti iwe ya kubana. Kiitikio kikija, achia. Wakati waumini wanaomba kwa sauti ya chini, nyamaza kabisa, au wape besi tu.

Binti ana haki, na sitaki mjadala huu umfanye mkung'utaji ajione mtu wa daraja la chini. Kuwashika watu wengi kwenye mwendo mmoja ni kazi ya heshima. Nimewasikia wapigaji wa vidole wenye mbinu za kutisha ambao ukiwaomba wasindikize wimbo wa watu wa kawaida, wanakimbia mbele au wanajaza kila nafasi. Tatizo la kijana wetu ni kwamba mkung'uto ndio alio nao peke yake, na anaupiga kwa nguvu ile ile kuanzia mwanzo wa ibada hadi baraka ya mwisho.

FUNDI: Niruhusuni na mimi, maana nyote mnaongea kana kwamba muziki haununuliwi. Mteja akija studio kwangu anataka wimbo uchezeke kwenye harusi. Ngoma natoa kwenye kompyuta, besi kwenye kinanda, na magitaa ya kukung'uta yamo tayari ndani ya programu, ya kila aina. Benga yenyewe ya Kikamba siku hizi inategemea kinanda sana. Huyu binti apoteze miezi na gumba lake ili nani amlipe?

MZEE: Kakai Kilonzo alilipwa na nani? Mtu wa Kilimambogo pale, karibu na Ol Donyo Sabuk, alifariki mwaka 1987, na mpaka leo Kilimambogo Brothers wakipigwa kwenye matatu watu wanatingisha kichwa. Kwa nini? Solo. Ile solo inaongea. Mwimbaji anasema neno, gitaa linamjibu, halafu maneno yanaisha na gitaa linabaki na uwanja wote. Kyanganga Boys wa Peter Mwambi vile vile. Kalambya Boys vile vile.

FUNDI: Hao walikuwa na umeme, Mzee, na magitaa mawili matatu. Leo tunazungumzia gitaa kavu.

MZEE: Umeme ulikuwa Nairobi. Nyimbo zilitungwa nyumbani, chini ya mti, kwa gitaa lenye nyuzi zilizoungwa. Aliyetunga peke yake ilibidi apige besi na solo pamoja, ndipo wenzake wajue kila mmoja atashika nini.

FUNDI: Sawa. Na mimi niseme ukweli wa studio, ingawa unanipinga. Gitaa la kukung'uta linanipa taabu. Limejaa kila mahali, chini na juu, linamfunika mwimbaji. Karibu kila mara nakata sauti zake nzito ibaki ile cha-cha-cha ya juu tu. Ndiyo maana la kompyuta linanitosha. Lakini akija mtu anayedonoa kwa vidole, akiacha nafasi, huyo sina programu ya kumfananisha naye. Namrekodi kama alivyo. Siku hizo ni chache mno.

MWALIMU: Basi umejijibu.

FUNDI: Nimejijibu kwa upande wa sauti. Upande wa pesa bado.

Upande wa pesa Fundi hajajibiwa na yeyote hapa, na sitamjibu kwa ahadi za uongo. Yapo malipo kwenye hoteli na harusi kwa mtu anayeweza kukalia kiti peke yake na gitaa akashika ukumbi kwa saa nzima, na mkung'utaji asiye mwimbaji hawezi kazi hiyo. Zaidi ya hapo sisemi.

BINTI: Jingine linalonisumbua ni umri. Naona watoto wa miaka kumi kwenye video wanapiga mambo mimi siyaelewi hata yakipunguzwa kasi. Je, sijachelewa?

MWALIMU: Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, alijifunza gitaa akiwa mtoto, akaliacha miaka mingi, akafanya kazi za nyumbani kwa watu. Alikuwa wa mkono wa kushoto, na gitaa alilipiga likiwa limegeuzwa bila kubadilisha nyuzi, kwa hiyo besi aliipiga kwa vidole na wimbo kwa gumba, kinyume cha kila mtu. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 1958 akiwa na umri wa miaka 65. Wapiga gitaa wa dunia nzima wanauiga mkono ule uliogeuzwa.

MZEE: Mama huyo simjui, lakini nimempenda.

MWALIMU: Na Merle Travis, Mmarekani wa Kentucky, alipiga kwa gumba na shahada, kama Mwenda wako. Ukienda kwa mwalimu yeyote wa gitaa leo, mtindo wa besi ya kubadilishana unaitwa kwa jina la Travis. Mwenda na Mukabi hawatajwi.

MZEE: Hawatajwi kwa sababu ninyi walimu hamwatii kwenye gredi zenu.

Hapo Mwalimu alinyamaza, na nadhani alistahili kunyamaza. Mwanafunzi wa Machakos anaweza kupanda gredi zote nane akajua vipande vya Wahispania na Waingereza wa karne zilizopita, vizuri sana, bila kukutana hata mara moja na kipande cha Mukabi. Sipingi Wahispania. Mbinu yao ya vidole vinne vya mkono wa kulia ni hazina, na mtu akiipata aishike. Lakini kijana aliyekulia kwenye ngoma ya kilumi na benga ana mapigo tayari mwilini. Akianza na muziki ambao mguu wake unaufahamu, gumba litapata mwendo mapema, na noti zitapata mahali pa kukaa.

Na Mzee naye asijione ameshinda. Nilimuuliza kama aliwahi kumwandikia mtu solo zake, au kumrekodi kijana akizijaribu. Akasema anayetaka aje asikilize. Jibu hilo lilitosha zamani, redio ilipokuwa ikipiga nyimbo hizo kila jioni na kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuigwa. Sahani zilikuwa na nguvu ya ajabu: mwaka 1950, kule Kapkatet, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliotokana na sahani za Mmarekani Jimmie Rodgers zilizofika huko. Lakini sikio hujifunza kile kinachopigwa karibu yake. Leo karibu na Binti kinapigwa kinanda cha studio na mkung'uto wa kodi nne, na Mzee akikaa kimya kwake akingoja kufuatwa, mkono wake utaondoka naye.

MWALIMU: Ndiyo maana mimi nasema yaandikwe. Nipe vipande vitatu tu, Mzee. Nitaviandika kwa noti na kwa namba za freti, nivifundishe darasani kama ninavyofundisha vya Wahispania.

MZEE: Utaviandika, lakini ule mvuto wa gumba kuchelewa kidogo, utauandika vipi?

MWALIMU: Huo siwezi. Huo utawaonyesha wewe.

MZEE: Nileteeni basi.

FUNDI: Na mimi nitarekodi bure. Vipande vitatu.

Hukumu yangu ni hii. Anayetaka kutoka kwenye kodi nne asitafute ya tano. Aanze na njia za besi kati ya zile alizo nazo, kisha alitenge gumba, halafu achukue wimbo mmoja tu wa gitaa kavu, wa Mukabi au wa Mwenda, aujue kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila donoo, kwa mwendo wa polepole unaoaibisha. Mmoja. Wimbo mmoja uliokamilika unafundisha besi, mwendo, nafasi na njia za vidole kwa pamoja, na huwezi kuyapata hayo kwa kuonja nyimbo ishirini nusu nusu kwenye simu. Noti zifuate mara tu baada ya hapo, na zisicheleweshwe kwa kiburi cha sikio, kwa sababu bila hizo freti za juu zitabaki giza kama Mwalimu alivyosema.

Na kama unasoma haya ukiwa Machakos, Kathiani, Kangundo au Mwala, na unamjua mzee aliyewahi kupiga solo au gitaa kavu, mtembelee mwezi huu. Huenda gitaa lake halina nyuzi zote. Mpelekee seti mpya, umwombe apige polepole, na simu yako iwe inarekodi mkono wake wa kulia.